Mtu wa Stoo, Baharini na Ziwani

Jinja, Uganda, kuna mzinga mmoja wa zamani ambao wakazi wengi huuona kama chuma cha Wazungu kilichowekwa kuwa pambo, wala hawajiulizi ulifikaje katika mji usiojua maji ya chumvi. Mzinga huo ni wa manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Mto Rufiji, Tanganyika, tarehe 11 Julai 1915. Manowari hiyo ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105. Wajerumani waliiopoa mizinga hiyo, wakaitia magurudumu na kuikokota vitani katika nchi kavu, na leo mitatu inajulikana ilipo: mmoja Pretoria, mmoja Mombasa, na huu wa kwetu. Nilipokuwa askari kijana niliupita mara nyingi bila kuutia maanani, na ni baada ya kuitumikia stoo kwa miaka mingi ndipo nilipoanza kuutazama kwa jicho jingine.

Wasimulizi wa vita hupenda kueleza jinsi Königsberg ilivyoingia Zanzibar alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Mimi huianza hadithi ile kwenye makaa. Manowari za wakati huo ziliendeshwa kwa makaa ya mawe, na Königsberg ilitegemea meli ya mizigo, Somali, iifuate na kuilisha. Waingereza walilijua hilo, wakanunua makaa yaliyokuwa yakiuzwa katika bandari za Wareno ili yasimfikie adui. Mwezi Agosti Wajerumani waliiteka meli ya biashara City of Winchester huko pande za Omani na kuchukua makaa yake, lakini yalikuwa makaa duni. Baada ya Zanzibar mitambo ilileta hitilafu, wakajificha Rufiji, na sehemu zilizoharibika zikapelekwa Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu kutengenezwa. Ziliporudi, Waingereza walikuwa wamekwisha kuuziba mlango wa mto. Mwezi Novemba Somali iliteketea humo humo mtoni. Ujerumani ikatuma meli nyingine, Rubens, iliyojigeuza kuwa ya Kidenmark kwa jina la Kronborg, ikiwa na makaa na silaha. Aprili 1915 ikafika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikakutwa na manowari Hyacinth, na makaa yale hayakuonekana Rufiji kamwe. Manowari yenye mizinga kumi ilikaa mtoni miezi minane na ushei kama ng'ombe aliyefungwa kambani, na kila nikiusoma mkasa huo naona hesabu za stoo zilizokataa kulingana.

Nami nilikuwa wa stoo. Kwetu nyumbani tunasema Lusoga, lakini jeshini nilikulia katika Kiswahili, kwa maana ndicho kilichotuunganisha sisi tuliotoka Arua, Mbale, Kabale na kwingineko, na hadi leo nikihesabu magunia kichwani huyahesabu kwa Kiswahili. Mtu wa stoo hadharauliwi waziwazi. Watu humcheka kidogo tu, humwambia kwamba yeye anapigana na panya, kisha siku posho inapochelewa humjia mmoja mmoja wakimwita afande hata wale wanaomzidi cheo.

Mwaka 2011 nilikuwa Mogadishu, katika kikosi cha Umoja wa Afrika, kazi yangu ikiwa bandarini. Wanajeshi wa Uganda waliingia mji huo Machi 2007, na shehena nyingi tulizozitegemea zililetwa kwa meli kutoka Mombasa, katika maji yaliyojaa maharamia. Kwa sababu hiyo, tangu Desemba 2008 manowari za Umoja wa Ulaya zilikuwa zikizisindikiza meli za chakula cha msaada pamoja na zile zilizobeba shehena za kikosi chetu. Kutoka gatini tuliziona kwa mbali, za kijivu, zikienda na kurudi, wiki baada ya wiki, wala haziingii bandarini. Jambo hilo lilinisumbua kitaaluma. Manowari ina watu mia mbili wanaokula mara tatu kwa siku, ina mitambo inayokunywa mafuta usiku na mchana, na hapo karibu haina bandari ya kuendea. Nilimuuliza luteni wetu zinakula nini. Akajibu, "Sajini, wewe shughulika na maharage yako."

Jibu nililipata miezi michache baadaye, pale watu sita wa bandarini tulipoalikwa kulala usiku mmoja katika meli ya ugavi ya nchi mojawapo ya Ulaya. Ukiitazama kwa haraka ungesema ni meli ya biashara: ndefu, pana, yenye kina kirefu, nyumba ya mabaharia imekaa juu yake kama ghorofa, na katikati ya sitaha kumesimama milingoti minene ya chuma yenye winchi na mipira mikubwa ya mafuta iliyoning'inizwa kwa mikunjo. Sura hiyo imewaponza maharamia zaidi ya mara moja. Mwezi Oktoba 2009 maharamia waliishambulia usiku meli ya Kifaransa La Somme wakidhani ni ya mizigo, na watano wakakamatwa. Tarehe 12 Januari 2012, nikiwa bado Mogadishu, wengine waliivamia alfajiri Patiño ya Hispania, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kuisindikiza meli ya chakula cha msaada. Askari wetu walicheka siku nzima, maana ni sawa na mwizi kuingia stoo akidhani ni duka, kumbe ni stoo ya kambi.

Ndani ya meli ile kulikuwa na mafuta ya mitambo, mafuta ya helikopta, maji ya kunywa, nyama iliyogandishwa, unga, vipuri, dawa, barua za nyumbani na risasi, kila kitu mahali pake. Niliambiwa kwamba Waingereza wana idara nzima ya meli za namna hii tangu mwaka 1905, na kwamba wanaoziendesha ni mabaharia raia, jambo ambalo sikulitarajia. Mwaka 1982, walipokwenda kupigania visiwa vya Falkland, takriban kilomita 13,000 kutoka kwao, waliambatana na meli 22 za idara hiyo. Nilikaa na hesabu hiyo kichwani kwa muda mrefu. Ukitaka kujua jeshi linaweza kufika wapi, uliza kwanza idadi ya malori yake.

Jioni ile nililishuhudia tendo lenyewe. Manowari ilitujia kutoka nyuma, upande wa kulia, ikaongeza mwendo mpaka ikawa sambamba nasi, halafu ikapunguza na kubaki hapo, meta arobaini au hamsini kutoka ubavuni mwetu, vyombo vyote viwili vikiendelea kukata maji kwa mwendo wa noti kumi na mbili, yaani kama kilomita ishirini na mbili kwa saa. Mtu mmoja alifyatua bunduki maalumu, na uzi mwembamba wa rangi ya machungwa ukavuka hewani na kuangukia sitaha ya pili. Uzi ulivuta kamba, kamba ikavuta kamba nene zaidi, na ile nene ikavuta waya wa chuma, mpaka mwisho mpira wa mafuta wenyewe, mnene kuliko paja langu, ukateleza juu ya waya na ncha yake ikaingia katika mdomo wa manowari kwa kishindo nilichokisikia tumboni. Kamba nyingine ilitandazwa kati ya meli mbili na kushikwa na watu kwa mikono; ilikuwa na vibendera vya rangi mbalimbali kwa vipimo sawa, ili nahodha wa manowari ajue kwa kuitupia jicho tu kama anakaribia mno au anajitenga. Maji kati ya meli yalichemka kama sufuria ya posho iliyosahauliwa jikoni. Karibu na waya alisimama kijana mmoja mwenye shoka, hakuketi, hakuongea, hakuangalia machweo ambayo sisi wageni tuliyashangaa. Nilikuja kuelewa kwamba kazi yake yote, kwa karibu saa mbili, ilikuwa kungoja amri ya kukata, amri ambayo kila mtu aliomba isitolewe.

Serahangi wa meli, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, mtu mzima mwenye mikono iliyochanika-chanika kwa kamba, alinivumilia kwa maswali. Nilidhani meli inayobeba ndiyo inayomfuata mwenye njaa. Akanieleza kwamba ni kinyume chake. Meli ya ugavi hutangaza uelekeo na mwendo wake, kisha huvishika bila kuyumba. Inayohitaji ndiyo inayokuja, inayojipima, inayorekebisha usukani nusu digrii na mzunguko wa mitambo kidogo kidogo. Zote mbili zikijaribu kurekebishana, aliniambia, zitagongana kwa adabu. Pia alinieleza kwa nini pengo lile halipunguzwi ovyo. Maji yanayobanwa kati ya mbavu mbili zinazokwenda huongeza kasi, na yakiongeza kasi msukumo wake hupungua, hivyo maji ya upande wa nje huzisukuma meli zikutane. Mimi niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ukweli ni kwamba nilisikia tu; kuelewa kulinijia miaka minne baadaye, na kwa gharama ya kidole cha mtu mwingine.

Yapo mambo mengine mawili niliyoyabeba kutoka melini. Kabla pampu haijafunguliwa, kijana alikinga mafuta katika chupa ya kioo, akaiinua kwenye mwanga na kuitazama kwa makini, akitafuta maji na uchafu, ingawa mafuta hayo yalitoka katika matangi yao wenyewe. Jambo la pili ni upakiaji. Kwa kawaida mtu wa stoo huona fahari kupakia vitu vingi iwezekanavyo, lakini wao waliacha njia za kupitia katikati ya shehena, wakijua kila kreti itatakiwa siku gani na na meli gani, na cha kushuka kwanza kilipakiwa mwisho. Mahali palipokuwa pamebaki patupu pangenifanya niadhibiwe katika ghala letu.

Nilistaafu, na mwaka 2014 nikanunua mashua ya mbao ya futi arobaini na injini ya farasi arobaini, nikaanza kutoka Masese, pale Jinja, kwenda visiwa vya Buvuma katika Ziwa Viktoria. Wavuvi wa visiwani wana samaki lakini hawana mengi mengine: petroli, unga, maharage, chumvi, sabuni, barafu, betri, dawa za kichwa. Nilijiona meli ya ugavi. Niliichora hata bendera.

Kwa mwaka mzima nilifanya kila kitu nilichoonyeshwa kuwa kisifanywe. Kwa tamaa ya mteja nilikuwa nikipigiwa simu kutoka mwalo fulani, yaani pwani ya wavuvi, nakimbilia huko, nikiitwa na mtumbwi ulioko maji makuu nageuza usukani, na siku ikiisha nimechoma petroli nyingi kuliko faida ya petroli niliyouza. Nalongo mmoja, yaani mama wa mapacha, mwenye hoteli ya chakula kisiwani Lingira, ambaye alinidai unga tangu asubuhi, alinipokea saa mbili za usiku, mikono kiunoni.

"Mzee, wewe unauza au unazurura?"

Nikamwambia wateja walikuwa wengi.

"Mimi nilikuwa wapi kati ya hao wengi? Wavuvi wamelala na njaa, kesho watakula kwa jirani."

Unga wake ulikuwa chini kabisa ya mashua, chini ya masanduku ya sabuni ya watu wa kisiwa cha mbele, ikatubidi tushushe nusu ya shehena gizani, ndani ya maji ya magoti, ili tuufikie. Magunia mawili yalilowa. Nilimlipa.

Ajali ilitokea mwaka 2015. Mtumbwi wa uvuvi ulitupungia mkono mchana, upepo ukiwa umeanza kuamka. Ulikuwa na petroli ya kufikia robo saa tu, nao hawakutaka kuzima injini kwa kuwa ilikuwa ngumu kuwaka, na mimi kwa haraka zangu sikutaka kusimama. Nikawaambia waje ubavuni tukienda, tuwapitishie jerikeni mbili. Mpwa wangu alikuwa mbele ameshika ukingo wa mashua, mkono mmoja nje, tayari kuupokea mtumbwi. Ulipofika karibu kiasi cha urefu wa kasia, mtumbwi ulivutwa. Sina neno jingine. Hakuna aliyegeuza usukani, si wao wala mimi, lakini mbavu mbili zilikimbiliana kana kwamba kuna mtu chini ya maji aliyezikaza kwa kamba, na papo hapo nikasikia sauti ya serahangi yule akinieleza habari ya maji yaliyobanwa. Ubao wa juu ulipasuka. Jerikeni moja ikaangukia majini. Mpwa wangu akasema kwa sauti ndogo tu, "Mjomba, kidole," nami nikatazama na kuona kidole cha kati cha mkono wa kushoto hakikuwa tena na umbo la kidole.

Alitibiwa mjini, kikaunganishwa, lakini hakikunji hadi leo. Dada yangu, mama yake, hakunilaumu kwa neno lolote, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Swali lililonikosesha usingizi lilikuwa moja: niliambiwa, nikaonyeshwa kwa macho, nikawekewa mbele hata mtu mwenye shoka, na bado nikafanya. Nadhani nilikosea kudhani kwamba kanuni zile ni za meli kubwa. Chombo kikiwa kidogo mtu huona hatari nayo imekuwa ndogo, wakati maji hayaulizi urefu wa chombo.

Baada ya hapo nilibadili mambo, na badiliko la kwanza lilikuwa gumu kuliko yote, yaani kutulia. Nilitangaza njia moja na siku mbili, Jumanne na Ijumaa, na saa ya kufika kila mwalo, nikawaambia watu kwamba sitaacha njia hiyo kwa simu ya mtu yeyote. Miezi miwili ya kwanza nilipoteza wateja, tena wale wakubwa, na mke wangu akaniuliza kama nimesahau kwamba sipo tena jeshini. Kisha wakaanza kurudi. Mvuvi akijua kwamba Ijumaa saa tano niko Lingira, yeye mwenyewe hujipanga, hupima petroli yake tangu Jumatano, hutuma mtoto na jerikeni tupu. Kazi ya kukadiria, ambayo nilikuwa nikiifanya peke yangu na kuikosea, sasa inafanywa na watu arobaini, kila mmoja akikadiria tumbo lake.

Kuhusu upakiaji nilirudi kwenye daftari la sajini. Mwalo wa kwanza huwa juu, wa mwisho huwa chini, na katikati naacha njia ya mtu mmoja kupita, hata kama jirani zangu wa Masese hunicheka kwamba nasafirisha hewa. Mapipa hutolewa kwa zamu kutoka pande zote mbili. Ukiuza upande mmoja tu, kufikia mwalo wa tatu mashua imelala ubavu. Melini walikuwa wakijaza maji ya bahari katika matangi maalumu kadiri mafuta yalivyopungua, ili chombo kisiyumbe; mimi nina vijana na mawe.

Na chupa ya kioo ninayo. Kituo kimoja cha mafuta, ambacho sitakitaja, kiliwahi kuniuzia petroli yenye maji, nami nikawauzia wavuvi bila kujua, na injini tatu zikazimika ziwani kwa siku moja. Waliokwama walirudi salama, lakini walirudi kwangu, hawakwenda kituoni. Tangu hapo kila pipa natoa kwanza kipimo, naiacha chupa itulie kwa muda kwenye ubao. Petroli ni nyepesi, hivyo maji yakiwemo huonekana yamekaa chini. Muuzaji wa sasa mwanzoni alikasirika, akaniuliza kama namwona mwizi. Nikamwambia kwamba nimewaona watu wakiyapima mafuta yaliyotoka katika tangi lao wenyewe, naye akanyamaza. Siku hizi chupa ananishikia yeye.

Lilibaki swali la mtumbwi unaoishiwa petroli maji makuu, kwa maana huwezi kumwacha mtu huko eti ratiba hairuhusu. Hapo pia serahangi aliniachia kitu, ingawa alikisema kwa kupita. Aliniambia kwamba kabla ya kuzoea kulishana ubavu kwa ubavu, manowari nyingi zililishwa kutoka nyuma: meli ya mafuta iliachia mpira ukaelea nyuma yake, na mwenye haja akaufuata na kuuokota, kazi ya polepole lakini yenye nafasi. Petroli huelea, na jerikeni ya plastiki iliyofungwa sawasawa huelea nayo. Kwa hiyo sasa tukipungiwa mkono sigeuzi usukani; napunguza mwendo na kushika uelekeo ule ule, mpwa wangu anafunga jerikeni kwenye kamba ya meta thelathini aliyoifunga vitambaa vya kitenge, chekundu, cha njano, cha buluu, na kuiachia majini taratibu nyuma ya shetri. Mtumbwi unaijia kwa kasia au kwa tone lake la mwisho, wanaiokota, wanafungua fundo, wanapunga mkono tena. Malipo hutumwa kwa simu, na wengine hulipa Ijumaa inayofuata. Mpwa wangu huirudisha kamba kwa mkono mmoja, kile kidole kimesimama, akihesabu vitambaa.